Trekta ni Halisi, Mbona Limezuiwa Bandarini?

Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili. Kuna ndugu zetu walioko Marekani wanaotaka kuagiza trekta dogo la mtumba kutoka Japani, na kuna wale wanaozunguka kwenye minada ya Japani na Ulaya wakitafuta wateja nje ya Mombasa na Dar es Salaam. Wote hukwama palepale: bidhaa ni halisi, risiti ipo, ushuru uko tayari kulipwa, na bado Forodha ya Marekani inasema mzigo hauingii, kwa kuwa ni wa soko la kijivu.

Soko la kijivu ni soko gani?

Si magendo, wala si bidhaa feki. Ni bidhaa iliyotengenezwa na mwenye alama ya biashara mwenyewe, ikauzwa kihalali katika nchi moja, kisha mtu asiye wakala wake akaivusha hadi nchi ambako mwenye alama hakukusudia iuzwe. Trekta limelima mpunga Japani miaka kumi na tano, mkulima kazeeka, kalipeleka mnadani, mnunuzi kalipakia kwenye kontena, likashuka California. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyeghushi. Ndiyo maana likaitwa la kijivu, si jeupe si jeusi.

Kama ni Kubota halisi, alama ya Kubota imevunjwaje?

Hili ndilo swali kubwa, nalo lina kesi yake. Mwaka 1996 Kubota, watengenezaji wa matrekta wa Japani, walilalamika mbele ya Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, ITC, dhidi ya waagizaji wa matrekta yake ya mtumba kutoka Japani. Mwaka 1997 Tume ikatoa amri ya kuyazuia. Waagizaji, wakiongozwa na Gamut Trading, wakakata rufaa, na Desemba 1999 mahakama ya rufaa iitwayo Federal Circuit ikaiacha amri isimame.

Hoja ya waagizaji ilikuwa hiyohiyo unayoifikiria: aliyetengeneza ni yeye, jina ni lake, kosa liko wapi? Jibu ni kwamba alama ya biashara haimwambii mnunuzi kiwanda tu. Inamwambia pia atarajie nini. Mkulima wa Georgia akiona jina Kubota, anategemea trekta la kufanya kazi za kwake, maonyo anayoweza kuyasoma, na wakala wa karibu mwenye spea. Akipewa kitu kingine chini ya jina hilohilo, atakayeharibikiwa sifa ni aliyejenga jina pale Marekani, si aliyeshusha kontena.

Na kweli vilikuwa vitu viwili tofauti. Trekta la Japani lilizaliwa kwa ajili ya majaruba: dogo, jepesi, magurudumu yamekaribiana, nyuma limefungwa rotaveta ya kuvuruga tope. La Marekani hubebeshwa kijiko cha mbele cha kuzolea udongo na mawe, kwa hiyo ekseli yake ya mbele imeimarishwa. Funga kijiko hicho kwenye trekta la jaruba, na uzito wote utaangukia ekseli ambayo haikuumbwa kuubeba.

Kisha kuna stika. Keti kwenye kiti cha trekta lililotoka moja kwa moja Japani. Kando ya mguu wako kuna kibandiko cha njano, pembetatu yenye alama ya mshangao, na chini yake mistari mitatu ya Kijapani. Huenda inakwambia usishuke kabla shafti ya PTO, ile inayozungusha zana za nyuma kwa nguvu ya injini, haijasimama. Huenda inataja aina ya oili. Huwezi kujua, na shafti ya PTO ikishaidaka nguo yako haikupi muda wa kutafuta mkalimani. Tume iliichukulia lugha ya vibandiko na vitabu vya maelekezo kama tofauti kamili, sawa na tofauti ya chuma.

Lakini ni la mtumba, na mnunuzi anajua hivyo. Bado kuna kumchanganya?

Gamut walilisema hili mahakamani, na kwa haki yao ni hoja nzuri. Mtu anayenunua kitu kilichotumika hategemei kiwe kama kipya. Mahakama iliona hivi: kujua kwamba trekta limetumika ni tofauti na kujua kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Uchakavu unauona kwa macho, lakini ekseli nyembamba na spea zisizopatikana huzijui mpaka siku limekufa katikati ya msimu. Na mtambo wa shamba ni wa kudumu, hivyo huduma baada ya kununua ni sehemu ya kile jina linachouza.

Tofauti kiasi gani inatosha?

Ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kipimo ni kama mnunuzi angeijali wakati wa kuamua kununua. Kipimo hiki hakikuanzia kwenye matrekta. Mwaka 1987 kulikuwa na kesi ya wanasesere wa Cabbage Patch waliotengenezewa Hispania. Mwanasesere alikuwa yuleyule, ila karatasi zake za kumwasili kama mtoto ziliandikwa Kihispania, na karatasi hizo zikatosha kumzuia Marekani. Mwaka 1992 ikaja, kwa kipimo hichohicho, kesi ya chokoleti za Perugina, za Italia dhidi ya za Venezuela. Kama karatasi ya mwanasesere inatosha, ekseli inatosha mara kumi.

Kwa nini mwenye alama aende kwenye Tume, asiende mahakama ya kawaida?

Anaweza kwenda kote kuwili. Lakini njia ya Tume, chini ya Kifungu cha 337 cha Sheria ya Ushuru ya 1930, ina faida inayowavutia: amri yake inakaa mlangoni. Amri ya mahakama ya kawaida humbana mtu aliyeshtakiwa, na mwagizaji wa mtumba leo ana kampuni hii, mwezi ujao ana nyingine. Amri ya Tume inaweza kuufunga mzigo wenyewe, awe nani aliyeuleta.

Sheria hiyohiyo ina Kifungu cha 526 kinachozuia bidhaa za kijivu kwa urahisi zaidi. Kwa kampuni kama Kubota mlango huo haufunguki, kwa sababu mtengenezaji wa Japani na kampuni ya Marekani ni familia moja, na kanuni za Forodha haziwapi ulinzi huo ndugu wa tumbo moja. Mahakama ya Juu ya Marekani iliubariki msimamo huo mwaka 1988 katika kesi ya K Mart dhidi ya Cartier. Kifungu cha 337 ndicho kikawa mlango wao.

Fedha, hata hivyo, hazitoki huko. Tume haitoi fidia. Anayetaka kulipwa hasara yake huenda mahakamani.

Kuna amri za aina ngapi?

Amri ya jumla ya kuzuia huufunga mzigo wa aina fulani, hata ukiletwa na mtu asiyewahi kutajwa kwenye kesi. Tume haiitoi ovyo: ni lazima ionekane kwamba amri ya watu maalumu ingekwepwa, au kwamba uvunjaji umeenea na chanzo hakijulikani kirahisi. Mtumba wa Japani ulitimiza vigezo hivyo. Amri yenye mipaka huwagusa waliotajwa tu.

Halafu kuna amri ya kusitisha, inayomfuata mtu badala ya mzigo. Humkataza kuagiza, na pia kuuza kilichokwisha kuingia, kukitangaza au kukisambaza. Mwenye stoo yenye matrekta arobaini yaliyoingia kabla ya amri anaiogopa hii kuliko zote. Na ipo ya makubaliano, ambayo mshtakiwa huitia saini ili kesi iishe. Watu huitia saini kwa wepesi mno, nitasema kwa nini.

Mimi sikuwa kwenye kesi. Inanihusu?

Kama amri ni ya jumla, ndiyo, kontena lako litazuiwa sawa na la aliyeshtakiwa. Amri ya kusitisha haikufungi kama hukutajwa.

Bandarini inakuwaje hasa?

Tume ikishatoa amri, haina askari. Kazi ni ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka, ambao wana ofisi maalumu ya kutafsiri amri hizi na kuwaelekeza maofisa wa bandari. Ofisa hajui kilimo, wala hana sababu ya kujua. Mbele yake kuna tangazo la mzigo lililoandikwa "farm tractor, used", bei, na labda picha. Akilifungua kontena, anatafuta kitu kimoja: kibati cha modeli. Kiko kwenye bodi, kimeshikiliwa na ribiti mbili, mara nyingi kimefunikwa na grisi iliyokaushwa na vumbi. Analinganisha modeli na orodha iliyo kwenye amri. Ya Kubota ilikuwa na orodha ya modeli zaidi ya ishirini, moja moja kwa jina.

Hapa ndipo amri nyingi hufa au huishi, na wanasheria hawapendi kulisema. Amri iliyoandikwa "matrekta yote yenye tofauti za maana" ni tamu kwenye karatasi na haina meno bandarini, kwa sababu ofisa hawezi kupima ekseli. Amri inayosema "modeli hii, kibati chake kimeandikwa hivi, vibandiko ni vya Kijapani" inafanya kazi hata mikononi mwa ofisa aliyeanza kazi Jumatatu.

Mzigo ukikataliwa, mwagizaji huandikiwa barua na huweza kuurudisha ulikotoka. Barua hiyo usiitupe wala usiidharau. Ukijaribu tena kuingiza mzigo wa aina ileile baada ya kuonywa kwa maandishi, Tume inaweza kuamuru utaifishwe kabisa. Mara ya kwanza unapoteza nauli. Mara ya pili unapoteza trekta.

Nikikaidi amri ya kusitisha nalipa nini?

Kwa kila siku ya uvunjaji, hadi dola 100,000, au mara mbili ya thamani ya bidhaa zilizoingia au kuuzwa siku hiyo, ipi ni kubwa. Narudia: kwa siku.

Mfano si wa trekta, lakini hesabu yake ni rahisi. Kampuni ya San Huan ya China ilitia saini amri ya makubaliano kuhusu sumaku, kisha ikaonekana imeivunja kwa siku 31. Tume ikaweka dola 50,000 kwa kila siku: jumla dola 1,550,000. Federal Circuit ikaikubali mwaka 1998. Ndiyo sababu nasema watu hutia saini kwa wepesi. Wanadhani makubaliano ni njia ya kutoka kwenye kesi bila kujeruhiwa, kumbe adhabu yake ni sawa na ya amri nyingine. Waliovunja kwa katriji za printa, Ninestar, walipigwa zaidi ya dola milioni 11.

Fedha hizo huenda serikalini. Mwenye alama hapati hata senti, na bado hulalamika mwenyewe ili utekelezaji uanze, kwa sababu asipolalamika hakuna atakayekuja kuhesabu matrekta yako.

Nikibandika stika ya Kiingereza inayosema si bidhaa ya wakala rasmi?

Wengi wamelisikia hili na halikutoka hewani. Kwenye kanuni za Forodha za mwaka 1999 kuna ulinzi ambao mwenye alama huuomba Forodha moja kwa moja, na huo unaruhusu bidhaa tofauti kuingia ikiwa na kibandiko kinachoeleza wazi kwamba haikuidhinishwa na kwamba ni tofauti. Ila hiyo ni njia nyingine kabisa. Amri ya Tume haifunguki kwa stika, labda kama amri yenyewe imesema hivyo. Usome maneno ya amri, usisome ushauri wa kwenye makundi ya WhatsApp.

Nikilifungua, nikaleta injini na giaboksi kama spea?

Inategemea amri imeandikwaje. Nyingine hutaja vipuri, nyingine hazitaji. Ukishaanza kuunganisha vipande hivyo upande wa pili na kuuza trekta zima lenye jina, hujakwepa kitu. Umejitengenezea ushahidi wa nia.

Je, mwenye alama hushindwa?

Hushindwa, na mara nyingi anajiangusha mwenyewe. Hii ndiyo sehemu ya sheria hii ninayoipenda.

Mwaka 2003 Deere, wenye John Deere, walikwenda kwenye Tume kuzuia mashine kubwa za kujiendesha za kuvunia na kukatakata malisho, toleo la Ulaya. Mwaka 2004 wakapata amri. Ndugu wa Bourdeau, wafanyabiashara wa mitambo, wakakata rufaa. Mashine za mfululizo wa 5000 zilikuwa zimetengenezwa Marekani yenyewe, zikapelekwa Ulaya, kisha zikarudishwa. Waagizaji wakasema kitu kilichotengenezwa nyumbani hakiwezi kuwa cha kigeni kikirudi. Mahakama ikakataa: kinachotazamwa ni soko lililokusudiwa, si mahali pa kiwanda.

Lakini mwaka 2006 mahakama hiyohiyo ikaitengua amri kwa sababu nyingine. Kulikuwa na ushahidi kwamba mawakala rasmi wa Deere wenyewe waliuza mashine za Ulaya ndani ya Marekani. Kama mwenye alama naye anauza kile anachokiita tofauti, ataulalamikiaje mkanganyiko wa wanunuzi? Kanuni ni kwamba bidhaa zake zote, au karibu zote, ziwe na sifa anayodai imekosekana kwenye za kijivu. Mwaka mmoja kabla, SKF, watengenezaji wa bearingi, walianguka kwa kanuni hiyo. Walidai bidhaa zao huja na huduma ya kiufundi, kumbe asilimia 12.6 ya mauzo yao wenyewe haikuwa nayo.

Kesi ya Deere ilirejea mahakama ya rufaa mwaka 2010, na ugomvi ukawa wa hesabu: mauzo ya mawakala yapi yahesabiwe, ya Marekani tu au na ya Ulaya, na "karibu zote" ni asilimia ngapi. Miaka saba tangu malalamiko ya kwanza, na watu bado wanahesabu mashine.

Basi mwenye alama aanzie wapi?

Aanzie kwa mawakala wake. Kabla ya kuandika barua kwa mwagizaji yeyote, apekue ankara zao, aone nani ameuza toleo la nje, nani amelipiwa warranti ya toleo la nje, nani amelikopeshea. Akikuta, azuie kwa maandishi na aweke kumbukumbu. Wakili wa mwagizaji ataanza kuchimba hapohapo, na akikuta barua ya wakala wa Iowa inayomshukuru ofisa wa kampuni kwa kumsaidia kuuza mashine ya Ujerumani, kesi imeota mbawa.

Rais anaingiaje?

Amri hupelekwa kwa Rais, ana siku 60 za kuikataa kwa sababu za kisera. Tangu 2005 kazi hiyo hufanywa na Mwakilishi wa Biashara. Hukataliwa kwa nadra, lakini Januari 1985 Reagan aliikataa amri iliyolinda betri za Duracell dhidi ya betri za kijivu. Katika siku hizo 60 mzigo unaweza kuingia kwa dhamana, na amri ikithibitika dhamana inaweza kumwendea mlalamikaji.

Amri inaisha lini?

Ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, hufa na hataza. Ya alama ya biashara haina siku ya kufa, maadamu alama imesajiliwa na inatumika. Anayeona hali imebadilika anaweza kuiomba Tume irekebishe.

Tayari ninalo shambani. Watakuja kulichukua?

Amri ya kuzuia inahusu kuingia nchini, na amri ya kusitisha inawahusu waliotajwa. Mkulima anayelimia trekta lake si mlengwa. Tatizo lake ni lile la zamani: spea. Na kama halina fremu ya kumkinga dereva likibingirika, afunge leo, bila kusubiri sheria imwambie.

Je, amri hizi zinagusa Dar es Salaam au Mombasa?

Hapana. Alama ya biashara ina mipaka ya nchi, na amri ya Tume inaishia kwenye bandari za Marekani. Trekta lililokataliwa Long Beach linaweza kulima Mbarali bila kuvunja amri hiyo. Sheria za hapa ni mazungumzo mengine.

Nina mashaka na modeli moja. Nimuulize nani kabla sijalipa?

Unaweza kuomba uamuzi wa Forodha mapema, au maoni ya ushauri kutoka kwa Tume. Vyote huchukua muda, kwa hiyo usiombe wakati meli iko njiani. Ambatanisha picha: kibati cha modeli kikiwa kimefutwa grisi hadi kila herufi isomeke, namba ya chesisi, ekseli ya mbele ukiwa umechuchumaa usawa wake, na kila kibandiko, pamoja na kile kilicho nyuma ya kiti ambacho muuzaji wa mnadani husahau kukipiga picha.